Kichwa cha mbwa, mistari miwili na sindano isiyosubiri

"Bwana mifugo, si mumpime tu huyo mbwa? Akionekana mzima, mtoto achomwe sindano za nini?"

Aliyeuliza ni mzee mmoja wa wilaya ya Chamwino, nje ya zahanati, mwezi wa kumi, jua la Dodoma likiwa limesimama utosini. Mjukuu wake, binti wa miaka saba, amekaa kwenye benchi, khanga imefungwa kwenye shavu la mguu. Mbwa mwenyewe yumo ndani ya kiroba cha mbolea chini ya mgunga, na inzi wameshamjua. Vijana walimkimbiza hadi korongoni wakammaliza kwa marungu. Afisa mifugo wa kata ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye pikipiki, nami nyuma yake nimekumbatia deli la barafu ambalo siku nyingine hubeba chanjo ya mdondo wa kuku.

Swali la mzee halina ujinga hata kidogo. Malaria hupimwa papo hapo zahanati kwa tone la damu ya kidoleni. Kipimo cha mimba kinauzwa duka la dawa, unakwenda nacho nyumbani, unasubiri mistari. Na miaka ya karibuni vimetokea vijiti vya kupima kichaa cha mbwa vinavyofanana na hivyo kama mapacha: kipande cha plastiki, kishimo cha kudondoshea, dirisha dogo, herufi C, herufi T. Mtu akikiona anasema basi, shida imekwisha. Haijaisha. Imehama mahali tu, na hapo ilipohamia ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwamo baadhi yetu tunaoandika habari za afya na mifugo.

Kwanza yule afisa alimjibu mzee kwa swali: "Shikamoo mzee. Kidonda kimeoshwa?" Hakikuwa kimeoshwa. Kilikuwa kimepakwa majani yaliyotwangwa. Kwa hiyo kabla ya mbwa, kabla ya kijiti, mtoto alipelekwa bombani, sabuni ya mche ikaletwa, maji yakaachwa yatiririke juu ya kidonda dakika 15 kwa saa, huku akilia. Halafu muuguzi akaanza utaratibu wa chanjo. Hakuna aliyesubiri habari za kiroba. Tutarudi kwenye kiroba.

Kirusi kisichopita njia ya damu

Kimelea cha malaria kinaishi kwenye damu, ndiyo maana kidole kinatosha. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina njia yake. Kinaingia na mate kwenye jeraha, kinajibanza kwenye msuli, kisha kinapenya mwisho wa mshipa wa fahamu na kuanza kupanda nao polepole kuelekea uti wa mgongo, na kutoka huko hadi ubongoni. Kwa binadamu safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili hadi mitatu. Yupo wa wiki moja, yupo wa mwaka na zaidi, kutegemea ameng'atwa wapi na kwa kina gani. Aliyeng'atwa usoni ana njia fupi kuliko aliyeng'atwa kisigino.

Muda wote huo damu haina cha kuonyesha. Kirusi hakimo humo, na askari wa mwili bado hawajapata habari kwamba mgeni yumo ndani ya nyumba, kwa hiyo hata kingamwili za kupima hakuna. Mpime mbwa damu leo, kesho, keshokutwa, utaambiwa hakuna kitu, na mbwa huyo anaweza kufa kwa kichaa mwezi ujao. Mpime mtoto aliyeng'atwa, utapata jibu lilelile lisilo na maana.

Kikifika ubongoni kinazaana kwa kasi, halafu kinashuka tena kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi za mate. Hapo ndipo mbwa anapokuwa hatari. Kwa bahati mbaya mate yanaweza kuwa na kirusi siku chache kabla mbwa hajaanza kuonyesha dalili yoyote. Ndiyo maana utasikia, "lakini jana tu alikuwa anacheza na watoto." Kupima mate ya mbwa aliye hai nako hakuaminiki, kwa sababu kirusi hutoka leo kisitoke kesho. Ukikikuta umekikuta, usipokikuta hujui lolote.

Kutoka hapo ndipo ilipotoka kanuni ya siku 10, ambayo kwa maoni yangu ndicho kipimo pekee cha kweli tulicho nacho kwa mbwa au paka aliye hai. Kama mate yake yalikuwa na kirusi siku aliyomng'ata mtu, basi ugonjwa umeshafika kichwani, na ndani ya siku hizo ataugua waziwazi na kufa. Akiwa bado anakula na kubweka siku ya kumi na moja, hakumwambukiza mtu siku ile. Vifaa vyake ni kamba imara, kivuli, bakuli la maji na mtu wa kuhesabu siku bila kudanganya. Mtu aliyeng'atwa anaanza sindano siku ileile, na mbwa akivuka salama daktari ndiye anayeamua kuzisimamisha. Kanuni hii haimhusu fungo, nyegere wala bweha. Kwao hakuna anayejua siku ngapi za kuhesabu.

Lakini mbwa wetu tayari alikuwa kwenye kiroba, na aliyekufa hapimwi kwa kamba. Anapimwa ubongo. Na vijana walikuwa wamempiga wapi? Kichwani.

Miaka mia ya kutazama ubongo

Mwaka 1903 Mwitaliano Adelchi Negri aliona ndani ya seli za ubongo wa wanyama waliokufa kwa kichaa vidoa vya ajabu, ambavyo hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilikuwa kipimo: paka rangi, tazama kwa hadubini, tafuta vidoa. Tatizo ni kwamba wanyama wengi wenye kichaa hawana vidoa hivyo. Baadaye ikaongezwa njia ya kuwadunga panya ubongo unaoshukiwa na kungoja kama watakufa, kusubiri ambako kungeweza kufika siku 28. Aliyeng'atwa angekuwa wapi siku ya 28?

Mwaka 1958 Goldwasser na Kissling wa Marekani wakaleta njia ambayo ndiyo kipimo cha rejea mpaka sasa, inayojulikana kwa kifupi kama FAT. Unachukua kingamwili zinazoijua protini ya kirusi kama ndama anavyomjua mama yake katikati ya zizi, unazifungia rangi inayong'aa, unazimwaga juu ya ubongo uliopakwa kwenye slaidi. Kirusi kikiwepo, zinakishika. Ukitazama gizani chini ya taa maalumu unaona nyota za kijani. Saa chache, jibu. Ni njia nzuri sana kwa mwenye hadubini ya mwanga huo, chumba cha giza, umeme usiokatika, friji isiyozimika, na mtu aliyezoea kutofautisha nyota na takataka.

Na ubongo mbichi. Hapo ndipo Kanda ya Kati inapokwama. Fikiria mbwa aliyeuawa kijijini Chemba Ijumaa mchana. Mtendaji anapata habari jioni, afisa mifugo Jumamosi, gari la abiria linalokubali kubeba kifurushi chenye harufu linapatikana Jumapili kama dereva ni mtu wa huruma, maabara inafunguliwa Jumatatu. Kwa joto la Oktoba, kinachofika ni uji. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ilianzishwa mwaka 2012 na ina vituo kwenye kanda, Kanda ya Kati ikiwamo. Mpwapwa penyewe pana historia ya kazi za mifugo tangu enzi ya Wajerumani. Kilichokuwa kikikosekana si maabara tu. Ni namna ya kichwa kuishinda njia.

Matokeo yake yanaonekana kwenye hesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba Tanzania inapoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka kwa kichaa cha mbwa, makadirio yaliyojengwa juu ya idadi ya watu wanaong'atwa. Vifo vilivyokuwa vikiripotiwa rasmi wakati huo vilikuwa wastani wa takriban 11 kwa mwaka. Rudia kusoma namba hizo mbili. Ugonjwa usiothibitishwa haupo kwenye makaratasi, na usio kwenye makaratasi hauna bajeti ya chanjo ya mbwa.

Mrija wa soda na shimo la kisogoni

Watu wakisikia "kuchukua ubongo" wanafikiria shoka na msumeno. Tafadhali sana, usifanye hivyo. Shoka linarusha vipande vya mfupa na matone ya ubongo usoni mwako, na matone hayo ndiyo yaliyobeba kifo. Njia inayofundishwa siku hizi ni ya kimya zaidi, na ndiyo iliyonifanya niamini kwamba kupima shambani kunawezekana.

Afisa alivaa glavu jozi mbili, miwani ya kukinga macho, barakoa na aproni ya plastiki. Yeye mwenyewe alishachanjwa chanjo ya kinga, na asiyechanjwa kazi hii haimhusu, hata awe na digrii ngapi. Alimlaza mbwa kifudifudi, akainamisha pua yake chini hadi kisogo kikajitokeza, akakata kwa kisu pale fuvu linapokutana na mfupa wa kwanza wa shingo. Damu ni kidogo kwa mnyama aliyekufa muda. Misuli ikiachia, unaona tundu la mviringo chini ya fuvu, tundu ambalo uti wa mgongo unapitia kuingia kichwani, na shina la ubongo limekaa mlangoni, jeupe kama mtindi ulioganda.

Kisha akatoa mrija wa plastiki, mrija uleule wa kunywea soda. Akauingiza kwenye tundu akiulenga upande wa jicho, akiuzungusha taratibu kama mtu anayetoboa kiazi kilichoiva. Mrija unapita shina la ubongo, ubongo mdogo, unaendelea mbele. Akaziba ncha ya nje kwa kidole, akauvuta, na ndani yake mkawa na safu ya ubongo iliyosimama kwa mpangilio wake. Akakata kipande, kingine akakitumbukiza kwenye kichupa chenye gliserini iliyochanganywa na maji ya chumvi, ambayo hukihifadhi bila friji kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Shina la ubongo ndilo linalotafutwa kuliko sehemu nyingine, kwa sababu ndiyo lango: kirusi kinachopanda kutoka mwilini lazima kipite hapo. Kwa ng'ombe na punda wataalamu wanasisitiza kuchukua upana wote wa shina, maana kirusi huweza kukaa upande mmoja na kuuacha mwingine.

Kwa mbwa wetu kazi ilikuwa mbaya zaidi ya nilivyoieleza. Rungu lilikuwa limevunja fuvu, ubongo umechanganyika na damu na vumbi. Mrija ulipata nyama iliyopondeka, na afisa akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo kila mkutano wa kijiji ninaohudhuria nikipewa nafasi ya neno moja, neno langu ni hilo: mbwa akilazimika kuuawa, kichwa msikiguse. Vijana hucheka. Mwindaji mmoja mzee hakucheka, alisema, "Ni kama ngozi. Ukiitoboa umeiharibu."

Vipimo viwili vinavyoitwa jina moja

Neno "kipimo cha haraka" linabeba vitu viwili tofauti kabisa, na kuvichanganya ndiko kunakoleta ubishi usiokwisha kwenye makundi ya WhatsApp ya maofisa mifugo.

Cha kwanza kinaitwa dRIT, kilibuniwa katika maabara za CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Ni mtoto wa FAT aliyezaliwa kwa ajili ya sehemu zisizo na hadubini ya bei mbaya. Kingamwili ni za namna ileile, lakini badala ya rangi inayong'aa gizani zimefungwa kemikali inayoacha doa jekundu linaloonekana kwa hadubini ya kawaida, ile ya kutazamia vimelea vya malaria. Ukimtazama mtu akikifanya utadhani anaosha vyombo: vikombe vimepangwa mezani, slaidi inachovywa kwenye fomalini dakika kumi, inasuuzwa, inaingia kwenye kingine dakika kumi, inasuuzwa, na hivyo hivyo hadi mwisho inapopakwa rangi ya bluu. Ndani ya saa moja hivi una jibu: punje nyekundu juu ya uwanja wa bluu ni kirusi, bluu tupu ni hakuna.

Tanzania ina sehemu yake ya heshima hapa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 na kundi la watafiti lililoongozwa na Tiziana Lembo yalitokana na sampuli za ubongo 159 kutoka kaskazini magharibi mwa nchi. Nyingine zilikaa kwenye gliserini hadi miezi 15, nyingine kwenye friza hadi miezi 24. Majibu ya dRIT yalilingana na ya FAT kwa kila sampuli. Leo kinakubalika kimataifa kama kipimo cha kuthibitisha. Kasoro yake ni kwamba kingamwili zake kwa miaka mingi hazikuwa bidhaa ya dukani, zilitoka kwa maabara chache kwa mpango maalumu, na zinahitaji baridi. Kisha kinahitaji mtu aliyefunzwa, hadubini na meza. Kinaweza kufanyika wilayani. Chini ya mgunga, kwa shida.

Cha pili ndicho kijiti. Unasaga chembe ya ubongo kwenye kimiminika kilichokuja na boksi, unadondosha matone machache kwenye kishimo, maji yanatambaa kwenye karatasi iliyofichwa ndani. Njiani yanabeba kingamwili zilizofungwa chembe ndogo sana za dhahabu. Protini ya kirusi ikiwemo, inanaswa kwenye mstari wa T na rangi inajikusanya hapo. Mstari wa C kazi yake ni kukuambia tu kwamba maji yamefika na kijiti kina uhai. Mistari miwili, kipo. C peke yake, hakikuonekana. C ikikosekana, tupa, anza upya. Dakika kumi, kumi na tano, bila umeme.

Hiki ndicho kila mtu anakitaka, na hiki ndicho chenye mgogoro. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya watafiti walioviweka kwenye mizani vijiti vya aina sita vilivyokuwa vikiuzwa. Kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikamata asilimia 62 tu ya sampuli zenye kirusi, na cha mwisho hakikukamata hata moja. Mwaka huohuo kazi iliyofanyika Chad, katika jiji la N'Djamena, ilionyesha kijiti kimoja kikifikia zaidi ya asilimia 90, baada ya watafiti kubadili hatua za maandalizi na kuacha kuuzimua ubongo kupita kiasi kama maelekezo ya kiwandani yalivyosema. Nani mkweli? Wote. Tofauti ziko kwenye chapa, kwenye shehena moja na nyingine ya chapa hiyohiyo, kwenye namna ya kuandaa, na kwenye wingi wa kirusi. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa haijakipa kijiti kazi ya kutoa hukumu ya mwisho.

Kuna jambo jingine dogo linalonivutia. Mwaka 2009, katika kata ya Ikoma karibu na Serengeti, fungo alimng'ata mtoto, akauawa, ubongo wake ukapimwa na kukutwa na kirusi. Vinasaba vilipochunguzwa ikaonekana si kile cha mbwa. Ni ndugu yake wa mbali sana, ambaye sasa duniani kote anaitwa kwa jina la Ikoma. FAT ilimkamata kwa sababu kingamwili zake hutambua ukoo mzima. Kijiti kimetengenezwa kwa kumlenga kirusi wa mbwa, na ndugu wa mbali namna hiyo si wa kutegemea kuonekana pale.

"Sijasema hana"

Kijiti cha mbwa wa Chamwino kilitoa mstari mmoja. C.

Mzee alikuwa amesimama pembeni muda wote, mikono nyuma. "Kwa hiyo hana."

"Sijasema hana, mzee wangu. Nimesema sijaona."

Nadhani maneno hayo mafupi yanaeleza vizuri kuliko kurasa zangu zote. Mistari miwili ukiipata kwa mbwa aliyeng'ata watu na kutoa udenda, una sababu kubwa ya kuamini. Mstari mmoja unaweza kuwa na maana nyingi: mbwa hakuwa na kichaa, au shina la ubongo halikupatikana, au rungu liliharibu, au sampuli ilizimuliwa mno, au boksi la vijiti lilikaa dashibodi ya gari kuanzia Morogoro na joto likavuka nyuzi 30 zinazoruhusiwa. Kijiti hakikwambii ni ipi kati ya hizo. Kwa hiyo "hapana" yake haiwezi kumnyima mtoto sindano, maana kosa hapa halina marekebisho: dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, dawa ya kumponya hakuna. Sindano ya ziada ni maumivu na gharama. Sindano iliyokosekana ni kaburi.

Mzee akauliza tena, na safari hii kwa uchungu kidogo: kama jibu la ndiyo mtoto anachomwa, na jibu la hapana mtoto anachomwa, mnapima ya nini?

Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kijiti si cha mtoto aliyeko kwenye benchi. Mtoto huyo tayari ameonekana, ameoshwa, ameanza chanjo. Kijiti ni cha watu ambao hawakuja zahanati. Mbwa mwenye kichaa hatembei kilomita tano akang'ata mtu mmoja akaridhika. Kuna aliyekwaruzwa akaona ni kitu kidogo, kuna mbuzi, kuna punda wa kuchotea maji, kuna mbwa watatu wa jirani. Jibu la "kipo" likipatikana siku ileile, afisa anageuza pikipiki na kurudi nyumba kwa nyumba akiwa na neno zito mdomoni. Likipatikana baada ya mwezi, anarudi kutoa pole.

Tena kuna ng'ombe. Mnyama huyu akipata kichaa mara nyingi hang'ati mtu, kwa hiyo hakuna anayefikiria mbwa. Anatoa udenda, hataki kula, analia usiku na mchana kwa sauti iliyopasuka, anajikamua kama anayetafuta choo. Koo limepooza. Mfugaji anaona dalili za kukabwa: labda mfupa, labda mfuko wa plastiki. Anakunja shati, anaingiza mkono hadi kiwikoni kupapasa. Nimemwona mtaalamu mwenye cheti akifanya hivyohivyo, mikono mitupu, vidole vimepasuka kwa kazi za shamba. Mnyama wa namna hiyo akifa na kichwa chake kikapimwa siku hiyo, waliomlisha, waliompapasa na waliomchinja wanajulikana kwa majina, na wanapelekwa hospitali kwa wakati. Bila kipimo, kifo kinaandikwa kwenye daftari kwa neno moja: sumu.

Na kuna hesabu kubwa ya wilaya. Kinachozima kichaa ni kuchanja mbwa, angalau 70 kati ya kila 100, mwaka baada ya mwaka, na dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 pasiwe na mtu anayekufa kwa ugonjwa huu kwa kuambukizwa na mbwa. Halmashauri yenye vichwa sita vilivyothibitishwa ina cha kuombea dozi. Yenye tetesi sita haina.

Hata kijiti kilichokwisha kutumika hakitupwi. Watafiti wamethibitisha kwamba vinasaba vya kirusi vinabaki kwenye karatasi yake na vinaweza kusomwa maabara baadaye, hivyo kijiti kilichokauka kwenye bahasha kinaweza kueleza kama kichaa cha Kongwa na cha Kiteto ni ukoo mmoja uliosafiri na wafugaji, au ni wawili.

Kile cha Chamwino afisa alikiandika tarehe na jina la kijiji kwa kalamu ya wino mzito, akakitia kwenye bahasha. Kichupa cha gliserini kikafungwa kwa mifuko mitatu, kikaingia kwenye deli. Kiroba kikazikwa kina kirefu, kisu na mbao vikamwagiwa jiki. Kwenye daftari, kwenye safu ya majibu, hakuandika "hana." Aliandika "haijathibitishwa, sampuli imekwenda maabara."

Binti alirudi siku ya tatu kwa sindano ya pili, akija kwa miguu na babu yake. Siku ya tisa maabara ikapiga simu: kipo. Afisa akarudi kijijini, akaanza nyumba kwa nyumba kutoka korongoni. Kwenye nyumba ya nne, kijana wa kuchunga mbuzi alisikiliza maelezo yote amenyamaza, kisha akapandisha suruali na kuonyesha mkwaruzo uliokwisha kukauka juu ya kifundo cha mguu. Alisema hakuona sababu ya kusumbua watu. Waliokuwepo wakamleta bombani kwa sabuni, na jioni ileile akapandishwa bodaboda.